Mbwa Ambaye Mama Mkwe Hakumwita kwa Jina

Siku ambayo Rindai alimleta mbwa nyumbani ilikuwa Jumamosi kama Jumamosi nyingine zote. Nyua zilikuwa zimekwisha kufagiwa, jua la Bikita limeanza kuchoma majabali, na jirani zake wa bondeni walikuwa wakipura mtama huku wakisengenyana, maana kazi hizo mbili kwetu huenda pamoja. Rindai alishuka kutoka kwa baba yake mlimani na kitoto cha mbwa kifuani, ndani ya blauzi, kichwa kimechomoza kwenye kola. Mgongoni alikuwa na mwanawe Tawana, wa miezi miwili. Mwanamke aliyekutana naye njiani alimtania kwamba amezaa mapacha, mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma. Rindai alicheka mpaka akasimama. Alikuwa hajacheka hivyo muda mrefu.

Kabla ya Tawana alikuwa amepoteza watoto wawili, wa kike kisha wa kiume. Wote waliondoka kwa namna moja. Walifika mwezi wa sita, ufizi ukavimba, jino la kwanza likakaribia. Asubuhi wanacheka, mchana wamepatwa na homa, jioni hawapo. Na kwetu mtoto aliyekufa bila jino hazikwi mlimani pamoja na wakubwa. Huzikwa kwenye udongo wenye maji kando ya mto, na wazee wa kike peke yao, na mama mzazi haruhusiwi kwenda wala kuuliza ni wapi. Mara zote mbili aliyewabeba alikuwa mama mkwe wake, Bibi Keresensia. Rindai alibaki jikoni na maziwa yanamtoka, akisubiri kuambiwa kwamba kazi imekwisha.

Kwa hiyo hakuwa akifuga mbwa kwa ajili ya nyani tu, ingawa nyani wa Bikita hula mahindi kama walioyapanda wao. Alikuwa na neno la kusema. Alikuwa na hakika kwamba kuna mkono wa mtu katika vifo vile, na mtu mwenyewe alikuwa amekwisha kutajwa. Bibi Keresensia ndiye aliyemnong'oneza: ni Chihera, yule bibi mjane wa ng'ambo ya ua, anayeitwa kwa jina la ukoo wake na kuogopwa kwa ulimi wake.

Sasa, kwetu huwezi kusimama njiani ukamwita mtu mchawi. Utapelekwa kwa chifu na utatoka huko umeinamisha kichwa. Ndiyo maana tuna mbwa. Ukiwa na jambo moyoni juu ya jirani, unampa mbwa wako jambo hilo liwe jina, kisha unamwita asubuhi na jioni, kwa sauti, ukiwa umeelekea kwa mhusika. Nani atakushtaki kwa kumwita mbwa wako aje kula? Pale kijijini kulikuwa na mbwa aitwaye Vengai, yaani Chukieni, na kila mtu alijua nani anaambiwa achukie.

"Mpe jina la kumchoma," Bibi Keresensia alisema, akimpokea Tawana. "Limfuate mpaka usingizini."

"Nitamwita Muchadura, mama."

Muchadura, yaani Mtaungama. Bibi alimtazama yule mbwa mdogo, akamtazama mkwewe. Akasema ni jina zuri. Akaingia jikoni na mtoto.

Rindai alikuwa binti wa mwindaji, na mbwa aliwajua kama wengine wanavyojua kusuka. Siku ya kwanza alitema mate kwenye mkono wake, akampa Muchadura aurambe, ili ajue bwana wake ni nani. Juma la tatu alimpondea nyigu wawili kwenye maziwa, awe mkali. Hakumpiga kichwani hata siku moja, maana baba yake alimfundisha kwamba mbwa aliyepigwa kichwani hunusa vibaya maisha yake yote. Alimfundisha kukaa, kungoja, kunyamaza anapofuata harufu. Akifanya vizuri alipewa ukoko wa sadza, yaani ugali, na akikosea alinyimwa neno tu, na hilo lilimuumiza kuliko fimbo. Akakua haraka, rangi ya udongo wa kichuguu, pua nyeusi, masikio yamesimama. Alipolala alilaza kidevu juu ya mguu wa Rindai. Rindai alimpenda kwa namna ambayo alikuwa akiogopa kumpenda Tawana.

Na kila jioni alikwenda kwenye ua, akaelekea kwa Bibi Chihera, akaita mpaka majabali yakaitikia.

"Muchaduraaa! Muchadura!"

Siku moja Bibi Chihera aliinuka kwenye kinu chake. "We Mama Tawana! Huyo mbwa wako ni kiziwi? Mbona unamwita kama unaita mvua?"

"Ni mdogo, bibi. Anajifunza kusikia."

"Na wewe je, unajifunza lini?"

Wiki mbili baadaye Bibi Chihera naye alikuwa na mbwa, jike moja kongwe, mbavu nje, ambalo hakuna aliyejua amelitoa wapi. Jioni ile ile alikuja nalo mpaka kwenye ua, akamkazia macho Rindai, akaita jina la lile jike. Tarisai Kumba. Yaani, Angalieni Nyumbani Kwenu.

Rindai alirudi jikoni kwa hasira. Bibi Keresensia alicheka. "Mchawi hakosi la kusema," alisema, akaendelea kumbembeleza mtoto.

Lakini neno likishaingia sikioni halitoki kwa kufukuzwa. Rindai alianza kuangalia nyumbani, kwanza kwa kejeli, kisha kwa kweli. Na kitu cha kwanza alichokiona ni shamba.

Bibi Keresensia alikuwa na kishamba chake cha mtama kando ya mto. Hakikuwa na uzio. Hakikuwa na mbwa. Mashamba ya juu na ya chini yalivunwa na nyani kila mwaka, hicho hakikuguswa hata suke moja. Watu walisema bibi ana bahati, na Rindai naye alisema hivyo hivyo miaka minne bila kufikiri. Sasa alimchukua Muchadura, aliyekuwa na miezi mitatu na nusu, akapita naye kando ya mto mchana. Nyani walikuwa wamekaa juu ya jabali, kundi zima, wanautazama ule mtama. Hakuna aliyeshuka. Walikuwa wameshikana wakubwa kwa wadogo.

Muchadura aliingia shambani. Rindai alingoja asikie akibweka. Hakubweka. Alipochungulia alimwona amesimama katikati ya mabua, ametazama mbele yake, chini kidogo ya usawa wa macho ya mtu mzima, na anatikisa mkia.

Hapakuwa na mtu pale. Alimpigia mluzi. Mbwa aligeuka, akatazama tena alipokuwa akitazama, kisha akaja polepole kama mtoto aliyeitwa kutoka mchezoni. Rindai hakumwambia mtu.

Kitu cha pili alikiona siku ya nyama. Bibi Keresensia alikuwa jikoni, na Muchadura akaingia, akanyakua pande zima kwenye sufuria. Mtu yeyote hapo angepiga kelele kwa jina la mbwa. Ndilo neno linalokuja kwanza mdomoni. Bibi alirusha mwiko, akarusha kifuniko, akapiga yowe. "We! We! We!"

Rindai alikuwa mlangoni. Alisimama na ndoo kichwani asiitue. Alirudi nyuma katika kumbukumbu, siku kwa siku, tangu ile Jumamosi. "Huyu mbwa wako." "Kijana." "Mwenye mkia." "We." Bibi alikuwa amemlisha, amemfukuza, amemlalamikia, amemsifu. Hajawahi kumwita kwa jina lake hata mara moja.

Usiku huo hakulala, na kulipokucha alianza kumpima.

"Mama, nimemshika mtoto. Niitie Muchadura."

"Koo linaniuma, mwanangu."

Siku ya pili: "Mama, hebu mwite Muchadura, anakwenda barabarani."

"Wako huyo. Mwite mwenyewe."

Siku ya tatu alimwomba tena. Bibi aliweka chini ungo wa karanga. Akasogea mpaka pumzi yake ikamgusa Rindai shavuni.

"Unanipima, mwanangu?"

Alisema kwa upole kabisa. Rindai akasema hapana, mama. Na hapo ndipo alipofahamu kosa lake. Miezi yote ile alikuwa akilirusha jina ng'ambo ya ua, akidhani linakwenda kwa mtu mmoja. Jina la mbwa haliendi kwa mtu mmoja. Humsuta kila aliye karibu, na hakuna aliyelisikia kwa karibu zaidi kuliko yule aliyelala ukuta mmoja na yeye, akimlelea mwanawe.

Alimpigia simu mumewe, Shadreki, aliyekuwa akifanya kazi mgodini Zvishavane.

"Jana ilikuwa Chihera," Shadreki alisema. "Leo ni mama yangu. Kesho itakuwa mimi?"

"Baba Tawana, mtoto ana miezi mitano na nusu. Nakuomba uje."

"Nitakuja mwisho wa mwezi. Na wewe uache kukaa na mbwa kuliko watu."

Mwisho wa mwezi ulikuwa mbali. Rindai alifanya alichokijua. Alichukua kitambaa cha kumbebea Tawana, akampa Muchadura anuse, akakificha nyuma ya ghala. "Tafuta." Kesho yake alikificha kwenye mahindi. Keshokutwa ng'ambo ya barabara, juu ya mti, chini ya jiwe. Mbwa alijifunza kwa furaha, akidhani ni mchezo. Bibi Keresensia aliketi kwenye kizingiti, akiwatazama, mikono imelala mapajani. Hakuuliza mchezo huo ni wa nini.

Kisha Tawana akaanza kutoa udenda mwingi. Ufizi wa chini ukavimba.

Kwetu kuna siku moja katika juma ambayo jembe haligusi ardhi. Ni siku ya wazee waliotangulia, na anayeonekana shambani siku hiyo anatafuta balaa. Njia zote za mtoni hubaki tupu. Siku hiyo Rindai alikwenda kusagisha unga dukani, akamwomba dada mmoja wa kanisani akae na mtoto. Alimfunga Muchadura kwenye nguzo ya ghala, asije akagombana na mbwa wa huko. Hakukawia hata saa moja.

Aliporudi, uani palikuwa kimya. Dada wa kanisani hakuwepo. Bibi alikuwa amemwambia aende zake, mtoto ana homa kidogo, atamwangalia mwenyewe. Jikoni hapakuwa na mtu. Kitanda kitupu. Muchadura alikuwa ameitafuna kamba mpaka nusu, mdomo unatoka damu, na hakuwa akibweka. Alikuwa akitetemeka.

Rindai aliikata kamba kwa kisu. Akampa kitambaa.

"Tafuta."

Mbwa hakunusa hata chini. Alitoka mbio. Rindai akamfuata, unga umemwagika mlangoni, viatu amevitupa. Kwenye ua alisimama Bibi Chihera, amejishika kifua. Hakupaza sauti.

"Mtoni," alinong'ona. "Nimemwona. Kimbia, mwanangu."

Akakimbia. Jua lilikuwa utosini. Hakuna aliyekuwa shambani. Hakuna jembe. Hakuna ndege. Nyani walikuwa juu ya jabali lao, wamegeuza migongo. Muchadura alipita katikati ya mtama. Mabua yakamfunika Rindai. Alisikia yakisuguana pembeni yake, kulia. Kisha kushoto. Alisimama, yakasimama. Akakimbia, yakakimbia naye.

Akatokea kwenye ukingo.

Bibi Keresensia alikuwa amepiga magoti penye udongo wenye maji. Mbele yake palikuwa na shimo dogo, limefukuliwa kwa mikono. Tawana alikuwa ndani yake mpaka kifuani. Macho yamefumba. Midomo ya kijivu.

"Nampoza tu," bibi alisema. "Homa ilikuwa kali."

Rindai alimvuta mtoto kwa mikono miwili. Udongo haukutaka kumwachia. Ulimwachia kwa sauti ya mdomo unaofyonza. Alikuwa baridi. Alimweka ndani ya blauzi, ngozi kwa ngozi. Akahesabu. Moja. Mbili. Tatu. Kwenye kumi na moja, Tawana alivuta pumzi.

Muchadura alikaa kati ya wale wanawake wawili. Hakunguruma. Hakuonyesha meno. Alimtazama tu bibi.

"Mama," Rindai alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Mwite mbwa."

"Twende nyumbani."

"Mwite kwa jina lake. Ukimwita, nitakuomba radhi mbele ya chifu. Nitatambaa."

Bibi Keresensia alimtazama. Alitazama na mtama nyuma ya Rindai, kama anayetafuta msaada huko. Chochote alichokitafuta hakikuja. Akacheka bila sauti, cheko la mtu aliyechoka.

"Jina la mbwa tu," alisema. "Unafikiri naogopa jina la mbwa? Muchadura."

Mbwa hakuinua hata sikio.

"Muchadura," bibi alisema tena. Uso wake ukabadilika. "Muchadura." Akajiziba mdomo kwa kiganja kilichojaa matope. Nyuma ya kiganja sauti iliendelea. "Muchadura. Muchadura. Muchadura."

Alibebwa nyumbani kwa machela, na njia nzima alikuwa akilisema. Alilisema alipolishwa, chakula kikimdondoka. Alilisema alipolala. Padri alikuja, mganga akaja, mume wa Rindai akaja kutoka mgodini na vumbi lake. Siku nane neno lilikuwa hilo hilo, kama anamwita mbwa aje kula, na mbwa amelala uani hatikisiki. Siku ya tisa alinyamaza. Alizikwa mlimani na wakubwa, akiwa hajaungama lolote.

Na hapo ndipo watu walipogawanyika. Nani aliona nini mtoni? Rindai peke yake. Bibi Chihera aliona mtu anapita na mtoto, basi. Kumpoza mtoto wa homa kwa udongo ni dawa, tumepozwa wengi. Shadreki alimsikiliza mkewe mpaka mwisho, akauliza swali moja tu.

"Ulimfanya nini mama yangu?"

Alirudi mgodini bila kuaga vizuri. Mdogo wake, aliyejenga upande wa pili wa barabara, alipata mbwa mpya wiki hiyo hiyo, na jioni akaanza kumwita akiwa ameelekea kwa Rindai. Tinokuziva. Yaani, Tunakujua.

Rindai alikwenda kwa Bibi Chihera kuomba radhi, akapiga magoti na kupiga makofi ya heshima kama inavyotakiwa.

"Mbona hukuniambia wazi, bibi?"

"Ungeniamini? Hata kwa mbwa hukusikia, kwa sababu ulikuwa unapiga kelele." Bibi akamwinua. Kisha akashusha sauti. "Shamba lisilo na mbwa wala uzio hulindwa na waliozikwa kando yake. Ulipopita kwenye ule mtama, ulisikia kitu?"

"Hapana," Rindai alisema. Alikuwa ameamua kutosema, na hadi leo sidhani kama anajua kwa nini.

Tawana alipona. Jino likatoka, na la pili likafuata. Kile kishamba kiliachwa hivyo hivyo, na mchana wa siku ya tatu baada ya mazishi nyani walishuka na kukila chote. Watu walikwenda kutazama. Hapakubaki hata bua.

Siku ya nne, mchana, Rindai alikuwa uani akisonga sadza kwenye moto wa nje. Mtoto alikuwa kwenye mkeka. Muchadura alikuwa amefungwa kivulini tangu alfajiri, kwa sababu Tinokuziva alikuwa akizurura barabarani akitafuta ugomvi. Rindai alisikia Tawana akicheka, lile cheko la mtoto anayechezewa. Akageuka.

Mbwa alikuwa amelala chali. Mguu wa nyuma ulikuwa ukirukaruka hewani, kama mbwa anavyofanya akikunwa mahali penyewe. Manyoya ya tumbo yalikuwa yakigawanyika, yakifunga, yakigawanyika tena. Hapakuwa na upepo. Tawana alikuwa amenyoosha mikono, anataka na yeye.

Rindai hakupiga kelele. Alikwenda polepole, mwiko mkononi. Manyoya yalitulia. Muchadura akainuka, akatikisa mkia, si kwa Rindai, akatazama kuelekea njia ya mtoni mpaka kitu kilipokwisha kupita.

Alimpigia magoti. Kwenye tumbo na mbavu za mbwa palikuwa na udongo wa mtoni, bado unyevu, na ndani ya udongo alama za viganja. Vya aina mbili. Kidogo kilikuwa cha mtoto wa miaka mitatu. Kikubwa kilikuwa cha mtoto wa miaka mitano. Aliweka kiganja chake juu ya kimoja, kisha juu ya kingine, na akalia kwa mara ya kwanza tangu alipoachwa jikoni na maziwa yake. Wanawe wawili wa kwanza walikuwa wamekua. Alijua vizuri jina ambalo kijiji humwita mwanamke anayewapikia wasioonekana, na alijua ng'ambo ya barabara kuna mtu anatazama.

Hakumwosha mbwa. Alirudi motoni, akaongeza maji kwenye sufuria, akaongeza na unga wa watu wawili.